Chai Aliyoimimina Mwenyewe

Ukimwambia Mlezi "habari za asubuhi", alikuwa anasimama kwanza, anakutazama kuanzia viatuni mpaka usoni, halafu anakuuliza, "Kwa nini unauliza?" Wala hakuwa anatania. Wanafunzi wapya walibaki wameduwaa, wengine wakaanza kujieleza eti walikuwa wanasalimia tu, na kadiri walivyojieleza ndivyo alivyozidi kukunja uso. Mimi nilishaijua dawa yake. Nilikuwa napiga goti kidogo kama nilivyolelewa, namwamkia kwa Kihaya, "Kasinge waitu," naye ananijibu "Mh," anapita zake.

Tulimwita Mlezi kwa sababu ndicho cheo alichopewa. Chuo chetu cha utabibu pale Bukoba kilikuwa na kikundi cha wanafunzi wa kujitolea, na kila kikundi lazima kiwe na mlezi, yaani mwalimu wa kukiangalia. Mwaka ule kikundi chetu kilialikwa Malawi, kwenda kusaidia kwenye hospitali moja ya vijijini wakati wa likizo ndefu. Tuliotaka kwenda tulikuwa wengi, nafasi zilikuwa chache, na mwenye kuchagua alikuwa yeye peke yake. Jina lake nalijua vizuri. Siliandiki hapa kwa kuwa namfahamu, atataka kujua nimeliandika ili iweje.

Nilitaka safari ile kuliko kitu chochote. Nimezaliwa Nshamba, nimesoma Muleba, nikaja Bukoba, na dunia yangu ilikuwa imeishia hapo. Bibi yangu, aliyenilea tangu mama afariki, alikuwa ameshatangaza kila mahali kwamba Koku wake anapanda ndege kwenda kutibu watu wa nchi nyingine. Alitangaza sokoni, akatangaza kanisani, nasikia hata mchungaji alimwombea rubani. Sasa fikiria mimi nirudi kwenye kibanja chake, katikati ya migomba yake, nimwambie kwamba sikuchaguliwa.

Mlezi alitusaili mmoja mmoja, mlango wazi, wengine tukisikia. Swali lilikuwa lile lile: "Kwa nini unataka kwenda?" Deo, kijana mwenzetu aliyekuwa anaongoza darasa letu kwa maksi, mtoto wa mfanyabiashara wa kahawa wa Muleba, alijibu kwa sauti ya kusoma somo kanisani, "Nataka kuwasaidia wanaoteseka." Mlezi akamuuliza, "Hapa Bukoba wamekwisha?" Deo akarudi kwenye benchi. Dada mmoja akasema anataka kupanua uzoefu wake, akaulizwa uzoefu alio nao umembana wapi. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshachoka kuogopa, nikasema tu, "Sijawahi kupanda ndege."

"Na ukishaipanda?"

"Nitashuka nifanye kazi."

"Mh," akasema. Na hiyo "mh" yake mtu unaweza kuilalia wiki nzima usijue maana yake.

Kitu kilichomfanya ajulikane chuo kizima ni wagonjwa wake wa kuchonga. Ndivyo tulivyowaita. Alikuwa anawapanga watu wajifanye wagonjwa, halafu anatupeleka wanapokaa bila kutuambia nani ni nani, yeye anajibanza pembeni anatutazama. Kule Malawi, alisema, hamtajua lugha, mtategemea mkalimani, na mkalimani atawaambia anachotaka mkisikie. Kwa hiyo mjifunze kumtilia shaka kila mtu, kuanzia mgonjwa, ndugu yake, aliyeandika cheti, mpaka ninyi wenyewe. Aliwahi kumpanga mama muuza vitenge wa Miembeni ajikunje tumbo mbele ya duka lake wakati sisi tunapita kununua madaftari. Siku nyingine tukiwa stendi ya Muleba tulimhudumia mzee mmoja aliyekuwa anatetemeka mwili mzima, tukamvua koti, tukampepea, na tulipomaliza akatuambia kwamba yeye ni shemeji yake Mlezi na kwamba tumesahau kumuuliza amekula nini.

Matokeo yake ukatuingia ugonjwa mwingine. Tukawa hatumwamini yeyote. Kondakta akikohoa tunatazamana. Siku moja pale wodini mama wa watu alikuja analia na mtoto wake mgongoni, mwenzetu mmoja akamsogelea akamnong'oneza, "Mlezi ndiye aliyekutuma?" Yule mama alimtazama kama mwendawazimu, akaendelea kulia. Mtoto alikuwa na homa kali kweli. Mlezi alipoambiwa alifoka mpaka sauti ikamkauka, akasema hivyo ndivyo tutakavyomuua mtu. Jamani! Nilitamani kumuuliza ni nani aliyetufundisha.

Jambo la pili ni chakula. Mlezi hakuwa anakula wala kunywa kitu ambacho hakukiandaa mwenyewe. Alikuwa na kikapu cha ukindu chenye mfuniko, ndani yake chupa ya chai, kikombe cha bati, na ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye jani. Alikuwa anamimina chai yake mwenyewe, anaikazia macho, ndipo anakunywa. Ukimkaribisha soda kwenye sherehe anauliza, "Nani kaifungua?" Ukisema ni wewe, anauliza kwa nini. Kwenye harusi ya mhasibu wa chuo alikaa meza ya mbele na kikapu chake magotini, akatoa ndizi zake, akala huku bwana harusi anamwangalia.

Maneno juu ya kikapu kile yalikuwa mengi. Wapo waliosema ndugu yake aliwahi kulishwa sumu. Wapo waliosema ni ubahili, anaogopa akila cha watu naye atalazimika kuwalisha. Deo alikuwa na yake, kwamba mtu anayeogopa kulogwa sana ni yule anayejua kuloga. Mimi nilisikiliza yote, na nikiri kwamba kwa nyakati tofauti niliyaamini yote.

Mila moja tu ya nyumbani aliisifu, na aliisifu kila alipopata nafasi. Kwetu, ukimkaribisha mgeni rubisi, ile pombe ya ndizi, huwezi kumpa tu kibuyu ukakaa. Mwenyeji anakunywa kwanza, mgeni akiona, ndipo anampa. Mgeni anatulia moyo. "Wazee wetu hawakuwa na maabara," Mlezi alikuwa akisema darasani, "lakini walijua kwamba mtu haaminiwi kwa maneno." Halafu anatugeuzia mgongo anaendelea kuandika ubaoni.

Ila sasa mtu huyo huyo, nyumba yake ya Miembeni ilikuwa haifungwi mlango. Majirani walichota maji kwenye bomba lake bila kubisha hodi. Mwavuli wake alimpa mwanamke asiyemfahamu siku ya mvua, na hakumuuliza anakaa wapi. Na siku ya chanjo ndiyo ilinichanganya zaidi. Ilitubidi tuchanjwe homa ya manjano kabla ya safari, na chuoni uvumi ulikuwa umeenea kwamba chanjo ile inafunga kizazi. Tulipofika tukasimama uani, kila mmoja anamsukuma mwenzake mbele. Mlezi alikuwa na kadi yake tayari, alishachanjwa zamani, hakuhitaji kitu. Akapita katikati yetu, akavua koti lake la kijivu, akakunja shati, akakaa kwenye kiti, akamwambia muuguzi, "Anza na mimi, hawa watoto waone." Kila mmoja wetu akachanjwa. Nikajiuliza, mtu huyu anayeshuku chai ya harusi, sindano ameiaminia wapi?

Basi, wiki moja kabla ya majina kutangazwa nilikwenda Muleba kwa shughuli zangu, na nilipopita karibu na hoteli moja ya barabarani nikamwona Mlezi ameketi na baba yake Deo. Mzee yule alikuwa anaongea kwa mikono miwili, soda ziko mezani. Ya Mlezi haijafunguliwa, lakini iko mbele yake. Mlezi alipoinua macho akaniona, akageuza uso.

Loo! Nilirudi Bukoba nikiwa sina raha. Kumbe yote yale ya wagonjwa wa kuchonga ni mchezo wa kutuchosha, na nafasi zimeshapangwa kwenye soda za Muleba! Usiku ule sikula. Nilimchukia, nakwambia ukweli, nilimchukia mpaka nikamtafutia majina ya Kihaya ambayo bibi angenichapa akiyasikia.

Mazoezi ya mwisho yakapangwa Nshamba, na kwa bahati au kwa makusudi yalipangwa kwenye kibanja cha bibi yangu. Mlezi alisema ni kwa sababu pana ua mpana. Sikumwamini. Tulifika asubuhi na gari la chuo, tukapanga mabenchi barazani, majirani wakaja kupimwa presha. Kazi yetu ilikuwa kuwahudumia kama vile hatujui Kihaya wala Kiswahili, kwa mkalimani, na kubaini nani kati yao amechongwa.

Mgonjwa wangu wa tatu alikuwa bibi yangu mwenyewe. Kajifunga kanga kichwani, kashika kiuno, analia, "Maawe! Maawe! Nakufa miye!" Nilimpima kila kitu. Alikuwa mzima kabisa, na kati ya kilio kimoja na kingine alikuwa anageuka jikoni kuuliza kama ndizi zimeungua. Nilijua Mlezi yuko nyuma ya mgomba ananitazama, anataka kuona kama nitamwonea aibu mzee wangu.

"Bibi," nikamwambia bila kumngoja mkalimani, "huumwi."

"Nani kasema siumwi? Wewe umeanza lini udaktari?"

"Huumwi, bibi. Kapakue ndizi."

Akanyanyuka ananisonya, majirani wakacheka. Mlezi akatokea nyuma ya mgomba akasema "Mh." Bibi akamgeukia akamwambia kwa sauti ya kumfikia kila mtu kwamba mjukuu wake kamfedhehesha, na kama hamchagui baada ya hapo basi hajui anachotafuta. Nilitaka ardhi ipasuke.

Jua lilikuwa limeshapinda wakati mambo yalipoharibika. Dereva alikuwa ameondoka na gari tangu saa tano kwenda Muleba kuweka mafuta, akasema anarudi sasa hivi, na sasa hivi ya madereva unaijua. Kikapu cha Mlezi kilikuwa ndani ya gari. Bibi alimletea sahani ya ndizi na maharage, akaikataa. Akamletea kahawa ya kutafuna, akaikataa. Bibi akaumia, akairudisha jikoni huku anasema kuna watu hawajalelewa.

Mlezi alikuwa anamkemea Deo kwa kufunga vibaya kitambaa cha presha, na katikati ya kukemea maneno yakaanza kumkokota. Akarudia neno moja mara kadhaa. Akanigeukia mimi akaniita jina la mtu nisiyemjua, akaniuliza kwa Kihaya kwa nini sijafunga mbuzi. Yeye ambaye alikuwa anatutoza adhabu tukiongea Kihaya kazini! Akapepesuka, akakaa chini kwenye kizingiti.

Deo akapiga makofi. "Hiyo kali, Mlezi!"

Na wengine wakaingia mchezoni pale pale. "Kiharusi!" akasema mmoja. "Hapana, malaria imepanda kichwani, ona anavyopayuka." "Kalewa, mnuse mdomo." Walisimama nusu duara wakigombania jibu kama wako mbele ya ubao, na hakuna hata mmoja aliyemgusa. Mimi nami nilisimama. Nilijiambia, huyu mzee anajua kuigiza, leo kajichonga mwenyewe, ndiyo maana hakula. Halafu nikaona kola ya koti lake imebadilika rangi. Nikachuchumaa nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, unatetemeka, na shati limelowa chapachapa. Hata hapo bado shaka haikunitoka, maana mtu kama yule anaweza kujimwagia maji. Nikasema liwalo na liwe. Kama anaigiza, atanicheka. Kama haigizi, jasho hili na kupayuka huku kwa mtu asiyekula tangu asubuhi ni sukari imemshuka, na anachohitaji ni kitu kitamu tumboni sasa hivi wakati bado anaweza kumeza.

Nilikimbilia kabati la bibi, soda ya machungwa ya wageni ilikuwepo, nikaimimina kwenye glasi. Nilipompelekea akaipiga kwa kiganja nusu ikamwagika.

"Nani kaifungua?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Macho yake hayakuwa yananitambua. Alikuwa ameshasahau jina langu, yuko wapi, amekuja kufanya nini, lakini swali lile lilikuwa limebaki. Kumshika tukamnywesha kwa nguvu tungemkaba. Sikufikiri, mikono yangu yenyewe ilifanya nilichoona bibi anakifanya tangu nikiwa mdogo. Nilimimina tena, nikapiga goti mbele yake, nikanywa funda moja akiniona, nikameza, nikampa glasi kwa mikono miwili.

"Waitu, karibu."

Akapokea. Akanywa yote. Nikamimina nyingine, nikaonja, akapokea, akanywa.

Alirudi pole pole. Kwanza aliacha kutetemeka, kisha akajifuta uso, kisha akatutazama mmoja mmoja, na mimi niliyekuwa karibu naye nikaona uso wake unaingiwa na hofu. Alikuwa hajui amesema nini wala amekaa pale kwa muda gani. Hofu ile ikapita, akasimama, akajikung'uta koti.

"Mmefeli wote," akasema. "Mmesimama mnapiga kelele kama kunguru. Isipokuwa huyu."

Wakacheka, wakapiga makofi, wakasema Mlezi ni kiboko. Bibi mlangoni hakucheka. Gari liliporudi nilikwenda kuchukua begi langu, nikamkuta nyuma ya gari anakula ndizi zake kwa haraka, huku kikapu kiko wazi. Chini ya jani palikuwa na kasha dogo la sindano zake za insulini. Aliniona ninaliona. Akalifunika.

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa. Kama mkuu wa chuo angejua, asingemruhusu kuongoza wanafunzi nje ya nchi, na bila mlezi safari nzima ingekufa, na ndege ya bibi nayo. Lakini kama akianguka Malawi, katikati ya watu aliowafundisha kwamba kila mgonjwa anaigiza, je? Jumapili baada ya ibada nikaenda Miembeni. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida. Sikukaribishwa chai.

"Mlezi," nikasema, "Malawi unakwenda na sukari yako?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu ukianguka kule watapiga makofi tena."

Akatazama dirishani. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Mh," akasema, na kwa mara ya kwanza ile "mh" ilitoka kwa shida. Akaniambia niende, jioni inaingia.

Kesho yake majina yakatangazwa. La kwanza lilikuwa langu. La Deo halikuwepo.

Nilipaswa kuruka kwa furaha, na kweli bibi nilipompigia simu aliruka kwa niaba yangu, nilisikia vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Mimi nilikaa kitandani. Ilikuwa inanisumbua: nimechaguliwa kwa sababu nilimgusa mgonjwa wakati wengine wanabishana, au kwa sababu nimeona kasha chini ya jani? Alikuwa amenipa haki yangu, au alikuwa ameninunua? Sikujua, na asiyejua anawaza mabaya.

Deo yeye hakuwa na shaka. Alinisimamisha mbele ya bweni, watu wakisikia. "Ulijuaje Nshamba kwamba ni soda? Alikuambia mapema."

"Hakuniambia kitu."

"Na Jumapili Miembeni ulikwenda kufanya nini? Umeonekana, Koku. Usinifanye mjinga."

Wasichana waliokuwa wanaanika nguo wakaacha kuanika. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, neno moja tu, kisukari, na lingenisafisha pale pale. Nililimeza. Niliambiwa ya kuambiwa siku zile, na maneno ambayo msichana anaambiwa akionekana kutoka nyumbani kwa mwalimu sihitaji kuyaandika. Nililia sana. Mlezi aliyajua, chuo kizima kilijua, na hakusema lolote wala hakufungua mdomo kunitetea. Hilo lilinikaa rohoni kuliko maneno ya Deo.

Malawi tulikwenda, tukafanya kazi, tukarudi salama. Kwenye ndege nilikuta kiti changu kimepangwa karibu na chake. Nilikuwa na glukosi na biskuti begini, na kila mara tulipochelewa chakula nilikoroga kikombe, nikaonja, nikampa, naye akapokea bila kunitazama. Hatukuzungumza habari hiyo hata siku moja. Wenzetu walioona walinyosha midomo, na uvumi ukarudi nasi Bukoba ukiwa umenenepa.

Sasa mimi ni tabibu Muleba, bibi ameshazikwa kwenye kibanja chake, na Deo anafanya kazi Biharamulo. Tukikutana kwenye semina ananisalimia vizuri tu, lakini ana kicheko fulani cha upande mmoja ambacho hakijamtoka miaka yote hii.

Mwaka jana semina ilikuwa Bukoba, na ilipokwisha miguu yangu ikanipeleka Miembeni. Mlango ulikuwa wazi. Mlezi alikuwa ameketi ndani na koti lake la kijivu, amekonda, miwani minene, macho hayaoni vizuri tena. Mezani kipo kikapu, chupa ya chai na vikombe viwili vya bati.

"Kasinge waitu," nikasema.

"Mh," akasema. Kisha, "Koku wa Nshamba. Kaa."

Tuliongea ya kawaida, mvua, bei ya kahawa, nani amekufa. Nikamwambia nimetoka kukutana na Deo.

"Baba yake alikuja kuniomba," akasema. "Mwaka ule. Tulikaa Muleba, uliniona. Aliniomba nisimchukue mwanawe. Ni mtoto wake wa pekee, aliogopa akishavuka mpaka harudi. Akaniapisha nisimwambie kijana."

"Na hukumwambia."

"Niliapishwa."

Miaka yote nimebeba kicheko cha Deo, na jibu limekaa Miembeni limefunikwa kama ndizi. "Na mimi, Mlezi?" Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Ulinichagua kwa nini? Kwa kazi yangu au kwa kunifunga mdomo? Walinitukana mbele yako. Nina haki ya kujua."

Aliinua uso wake kunielekea. Nilijua atakachosema kabla hajakisema.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu inaniuma," nikasema.

Alipapasa mezani akaigusa chupa ya chai, akaishika kama anataka kuiinua, kisha akaisukuma upande wangu.

"Nimiminie."

Nilimimina. Nyingine nikaimwaga mezani. Kwa mazoea nikainua kikombe chake mdomoni nionje akinisikia, maana kuona vizuri hangeweza. Hakikufika. Mkono wake ulinitangulia, ukakishika kikombe kabla hakijanigusa mdomo, ukakichukua. Akanywa taratibu, mafunda makubwa, mpaka akakiweka chini kikiwa tupu.

"Sasa jimiminie na wewe," akasema.